Tundu la Dashibodi

Jua lilikuwa limeshaegemea milima ya Rwenzori, na Raihana bado alikuwa amelala chali ndani ya lori, miguu ikining'inia nje ya mlango, kichwa chini ya dashibodi, simu yenye tochi ameibana kwa meno. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Redio mpya ya kuunganisha na simu, spika za milangoni, na swichi za feni, honi kubwa na taa za ukungu. Kazi kama hiyo alishaifanya mara zisizohesabika katika gereji hiyo ya Nyamwamba, mjini Kasese, tangu marehemu baba yake alipomwachia sanduku la spana.

Tofauti ni kwamba lori hili lilikuwa lao wenyewe. Isuzu kuukuu, rangi ya buluu iliyopauka, ambalo mumewe Isa alilinunua juma lile kutoka kwa mjane mmoja wa Bwera.

"Mama Nasif, bado?"

Isa alikuwa ameketi kwenye ngazi ya lori, akimpepea mkewe miguu kwa kitambaa ili mbu wasimuume. Ndivyo alivyokuwa. Mtu wa sauti ya chini, mtu wa kukuletea chai kabla hujaiomba.

"Bado kidogo. Hii waya ya zamani imeoza yote."

"Shakirah atasema tumekataa kuona mtoto yake."

Shakirah, dada yake Raihana, alikuwa amejifungua huko Bwera. Isa naye alikuwa na kahawa ya kupakia Mpondwe kesho yake asubuhi. Safari moja, shughuli mbili. Mtoto wao, Nasif, walikuwa wamemwacha kwa bibi yake.

Katikati ya dashibodi palikuwa na tundu la mraba, mahali ambapo redio ya zamani iling'olewa. Raihana alipitisha mkono humo ndani kutafuta mahali pa kufungia waya.

Vidole vyake vikagusa kitu laini.

Akadhani ni panya aliyekufa. Akamulika. Hakikuwa panya. Kilikuwa kifurushi kidogo cha kitenge, kimefungwa kwenye fungu la nyaya kwa kamba nyeusi, fundo juu ya fundo juu ya fundo. Akasogeza tochi karibu zaidi. Ile haikuwa kamba.

Zilikuwa nywele za mwanamke, zimesukwa.

"Baba Nasif... Huyo mama aliyekuuzia, alisema kitu juu ya hii dashibodi?"

Kitambaa kikaacha kumpepea.

"Alisema tu motoka iko nzima."

Kisha kitambaa kikaendelea. Polepole.

Raihana akasema "Audhubillahi" kwa sauti ndogo, akashika koleo, akakata. Nywele zilikuwa ngumu kuliko alivyotarajia. Zilipokatika, lori lote likatikisika na springi zikalia, kama mtu mzito amepanda.

"Umepanda?" akauliza Isa kutoka ngazini.

"Mimi niko ndani tangu zamani. Nilidhani ni wewe."

Isa akainama, akachungulia chini ya lori.

Raihana akashuka, akakitupa kifurushi ndani ya pipa ambamo gereji ilichomea nyaya mbovu. Moto ulikuwa bado hai. Moshi ukatoka na harufu ya nywele, kama alivyojua utatoka. Baadaye ikaja harufu nyingine, ya tumbaku mbichi. Akageuka kutazama nani anavuta. Hapakuwa na mtu.

Alimaliza kazi haraka kuliko kawaida yake. Redio ikawaka taa ya buluu, muziki ukajaa ndani ya kabini, Isa akapiga makofi kama mtoto. Wakaondoka mwanga ukiwa bado haujaisha wote.

Hadi Kikorongo safari ilikuwa nzuri. Isa aliimba. Alibonyeza swichi moja moja kufurahia kazi ya mkewe, taa za ukungu zikawaka, feni ikazunguka. Walipokata kona kushika njia ya Mpondwe, giza la kwanza likiwa limeingia na mbuga ikiwa nyeusi pande zote mbili, stesheni ikapotea. Redio ikabaki inakoroma tu.

Shhhhhh...

"Badilisha," akasema Raihana.

Isa akabadilisha. Kukoroma kulekule. Akabadilisha tena.

Shhhhhh... Ke...

"Umesikia?"

"Ni stesheni ya Congo hiyo," Isa akasema. Lakini mguu wake ulikuwa umekanyaga mafuta zaidi.

*Ketura...*

Sauti ya mwanamume. Ya karibu sana. Haikutoka kwenye spika za milangoni, ambazo Raihana alizifunga kwa mikono yake mwenyewe. Ilitoka kwenye tundu, nyuma ya redio.

"Ketura ni nani?" Raihana akanong'ona.

"Ni yule mama. Aliyeniuzia motoka."

Raihana akanyoosha mkono akazima redio. Taa ya buluu ikazimika. Akafungua kifuniko cha fyuzi, akaing'oa fyuzi ya redio, akaifumbata kiganjani. Sasa hata umeme haukuwepo. Kimya. Injini tu, na magurudumu.

*Ketura. Umeweka chakula wapi?*

Fyuzi ilikuwa mkononi mwake.

Harufu ya tumbaku ikaja tena, na ndani yake pombe, na nguo zilizolowa zikakaukia mwilini. Kiti cha lori kilikuwa kirefu, cha watu watatu. Raihana alikuwa mlangoni, Isa kwenye usukani. Katikati yao, mto wa kiti ukaanza kuzama taratibu... ukazama... ukatulia.

Raihana akaanza kusoma Ayatul Kursi. Alitaka kumshika Isa bega, lakini ili amfikie ingebidi mkono wake upite pale katikati. Hakuweza.

"Baba Nasif. Simamisha motoka."

Isa hakujibu.

"Baba Nasif. Tafadhali."

Taa za Kinyamaseke zikapita. Watu walikuwa dukani, wanacheka, wananunua mandazi, na lori likapita mbele yao bila kupunguza mwendo. Raihana akajaribu mlango wake. Kitasa kilizunguka bure.

Ndipo Isa akafungua mdomo.

"Chakula iko wapi?"

Ilikuwa sauti ya Isa, lakini Isa hakuwa na namna hiyo ya kusema.

"Baba Nasif, ni mimi..."

"Nauliza mara moja, Ketura."

Akageuza uso. Macho yalikuwa ya Isa, yamejaa machozi, yanamwomba msamaha kwa jambo ambalo bado halijatendeka. Kisha mkono wake ukaachia usukani, ukainuka.

Ukampiga.

Tangu aolewe, Raihana hakuwahi kupigwa. Shavu lilikufa ganzi, mdomo ukajaa ladha ya damu. Hakulia. Alijibanza mlangoni akatazama ule mkono ukirudi kwenye usukani kwa utulivu, kama mkono uliozoea.

Bwera walifika. Isa alipita njia ya kwa Shakirah bila hata kuitazama. Akakata kulia, akapanda kilima katikati ya migomba na kahawa, njia nyembamba ya mawe, na honi kubwa ikaanza kulia yenyewe. Mfululizo. Raihana akabonyeza swichi yake. Honi iliendelea.

Mwishoni mwa njia palikuwa na nyumba ya matofali, na mbele ya mlango alisimama mama mmoja mwembamba, kitenge kimefungwa kifuani, kichwa kimenyolewa kabisa. Alishika panga.

Lori likasimama. Isa akashuka. Alitembea kwa mabega mapana yasiyo yake, akiburuta mguu mmoja, akielekea kwa yule mama.

"Ketura."

"Yesu wangu," mama akasema. Kisha akaona mwanamke mwingine ndani ya kabini, akapiga kelele: "Betri! Mama, toa betri! Toa!"

Raihana akarukia upande wa dereva, akatoka. Mikono ilijua kazi yake. Spana ilikuwa mfukoni mwa ovaroli. Sanduku la betri lilikuwa chini ya bodi, ubavuni mwa lori. Akapiga magoti kwenye matope, akafungua nati kwa kupapasa. Cheche zikamruka, zikamchoma kifundo cha mkono. Nyuma yake alisikia panga likianguka chini, na yule mama akisema, "Hapana, hapana, hapana..."

Nati ikaachia. Akaing'oa kebo kwa mikono miwili.

Honi ikakatika.

Aligeuka. Isa alikuwa amepiga magoti mbele ya mama yule aliyekuwa ameanguka chini, mikono imeshika koo lake, lakini vidole vilikuwa vimelegea. Akaitazama ile mikono. Akaviondoa vidole kimoja kimoja, kama vitu vya mtu mwingine, akaanguka kando.

Mama akainuka, akijipapasa shingo.

"Kile kitu mulitupa wapi?" Ketura akauliza.

"Nilichoma."

Mama akafumba macho. "Betri itamuzuia kidogo tu. Kukikucha, atatafuta njia ingine." Akaingia ndani, akarudi na kipande cha kitenge na wembe. Alikipapasa kichwa chake kilichonyolewa, akatafuta. Nyuma ya sikio palikuwa na kishungi kidogo alichokibakiza. Akakikata. "Yangu haitoshi tena. Amekupiga?"

Raihana aligusa shavu.

"Basi na yako pia."

Raihana akavua hijabu yake pale pale uani, mbele ya mtu asiyemjua, akakata msuko mmoja. Ketura akausokota pamoja na nywele zake huku akinong'ona kwa lugha yake ya Kikonzo, akakifunga kifurushi, akampa.

"Mimi sijui mambo ya waya. Funga pale pale."

Raihana akapanda tena ndani ya kabini. Akaivuta redio mpya, ikatoka na nyaya zake. Tundu likabaki wazi. Akapitisha mkono.

Nyaya zilikuwa na joto, kama ubavu wa mnyama aliyelala. Akafunga fundo la kwanza. La pili...

Kitu kikampumulia kwenye kifundo cha mkono.

Akalia kwa mara ya kwanza usiku ule. Lakini hakuutoa mkono. Alifunga fundo juu ya fundo mpaka nywele zikaisha, na ile pumzi ikapungua, ikapungua, ikawa baridi tu ya chuma.

Aliposhuka alikwenda moja kwa moja kwa Ketura.

"Bwana yako alikuwa mutu wa namna gani, hata afuate watu hivi?"

Ketura alimtazama kwa mshangao.

"Yonasani? Yonasani alikuwa mupole. Mupole kama huyu wako. Alikuwa ananibebea maji, watu wanamucheka." Akaelekeza kidole kwenye lori bila kulitazama. "Ni mbele, kabla hajanunua hiyo motoka. Alikuta hiyo tundu, akasema ataweka redio. Akaweka. Kisha akaanza kuniita jina ya mwanamuke mwingine. Jina ya mutu sijui. Akaanza kunipiga."

"Na alikufa vipi?"

"Tulimukuta ndani, ameshika usukani. Injini inanguruma, na mafuta haiko hata tone." Akajifuta uso. "Kuna mama wa juu ya mulima alinionesha kufunga. Nilifunga. Lakini kila magaribi honi ilikuwa inaniita tu. Niko na watoto. Nikauza."

"Ungetuambia!"

"Nilimwambia bwana yako! Nilisema, ile tundu, musiguse. Hakukuambia?"

Raihana akageuka. Isa alikuwa ameketi chini, mgongo kwenye gurudumu. Alitazama kando.

Lori lilibaki pale pale. Raihana akazitoa betri zote mbili, akazibeba kwa bodaboda hadi kwa dada yake, akazifukia nyuma ya banda la mbuzi na hakumwambia mtu. Asubuhi, Isa alimshika kidevu kwa upole, akamgeuzia uso kwenye mwanga.

"Umefanya nini kwa shavu, Mama Nasif?"

Raihana alimtazama machoni muda mrefu. Isa alisema hakumbuki kitu. Huenda ni kweli.

Walirudi Kasese kwa gari la abiria. Nasif, Raihana alimpeleka akakae kwa Shakirah, akasema mtoto mchanga anahitaji mwenzake. Isa hakupinga. Alirudi kuwa yuleyule: chai kabla hujaiomba, sauti ya chini. Kwa kazi, alipata lori la tajiri mmoja wa Kitswamba, akawa anaendesha. Jina la Bwera halikutajwa.

Mpaka jioni moja. Isa alikuwa amemaliza swala ya magharibi, bado amekaa kwenye mkeka, anakunja msala wake vizuri kwenye mistari yake.

"Mama Nasif," akasema taratibu, "zile betri za Isuzu, uliziweka wapi?"

Raihana alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Niliuza. Kwa watu wa Congo."

Isa alimwangalia. Kisha akatabasamu, akasema ni vizuri, akainuka kwenda kufunga lango.

Raihana aliliweka sinia chini bila kelele. Alikaa palepale, akisikiliza hatua zinavyovuka ua, zikienda, zikirudi, akijaribu kutambua kama ni za mtu mmoja.