Célestin Hufika Kabla Maharagwe Hayajaiva

Siku Kahindo alipokutana na Achille, soko la Virunga mjini Goma lilikuwa limefurika hata pa kukanyaga hapakuwepo. Alikuwa amevaa kitenge cha njano, kichwani furushi la nguo za wateja, maana kushona ndiko kulikomlisha. Mbele ya kibanda cha kutengeneza simu, kijana mwenye shati la buluu lililonyooshwa vizuri alikuwa akiwasomea wateja hadithi kutoka kwenye simu yake. Kahindo akasimama. Maneno yalikuwa yake.

Hadithi yenyewe ilizaliwa na hasira. Mchezo mmoja wa redio ulikuwa umemuua Célestin, dereva wa lori, na kumwacha mkewe Umwiza akilia mpaka mwisho. Kahindo alikataa. Aliwachukua wale wawili, akawaandikia maisha mengine, akayatuma WhatsApp bila kuweka jina lake. Humo Célestin hurudi kila jioni. Hufika kabla maharagwe hayajaiva, huvua viatu mlangoni, hugombana na mkewe juu ya chumvi. Basi. Watu waliijua sura ya tisa kwa moyo na bado waliiomba tena. Hakuna aliyeuliza kitatokea nini. Ya kutokea walikuwa nayo tele nyumbani.

"Nani aliandika?" Kahindo akauliza.

"Sijue, mama. Lakini ule mutu nikimuona, ninamuoa."

"Na kama ni muzee mwenye ndevu?"

"Nitamunyoa kwanza."

Kahindo akacheka, akamwambia kwamba mwandishi ni yeye, na mapenzi yakaanza pale pale. Alimruhusu airekodi hadithi kwa sauti, kwa ajili ya wasiojua kusoma. Kila Ijumaa sauti ya Achille ilisikika kwenye simu za watu hadi Mugunga, pembezoni mwa mji, na siku nyingine zote alimpigia Kahindo akimwita bébé mpaka chaji inaisha.

Kisha Achille akajitia ujuzi. Aliona hadithi imepoa. Ijumaa moja, bila kumuuliza Kahindo, alimsimamisha Célestin kwenye kizuizi cha njia ya Kibumba, bunduki mbele yake, akakatia hapo: tungojeeni Ijumaa ijayo.

Kahindo alizipata habari kwa Nyirarukundo, mteja wake wa Mugunga, ambaye mumewe alikwenda Bunagana kuuza vitunguu miaka miwili iliyopita na hajarudi. Mama huyo hakulaumu mtu. Aliuliza tu, kwa sauti ndogo, kama Célestin amepita. Tangu Ijumaa hakuwa amepata usingizi.

Damu ilimchemka Kahindo. Alikwenda kibandani moja kwa moja, uzi bado umemning'inia begani.

"Juu ya nini ulimuacha kule?"

"Bébé, ni suspense. Batu banatuma message, kila mutu anataka kujua."

"Hapa Goma, banaume benye habakurudia ni bangapi? Mwenye kurudia tulikuwa naye mumoja tu, Achille. Na huyo naye umemushika."

Achille akajibu kwamba ni hadithi tu. Neno hilo ndilo lililoharibu kabisa. Kahindo aliondoka bila kuaga, na kwa siku tatu simu ikalia hata majirani wakachoka nayo. Ya nne akapokea.

"Usiniombe miye musamaha," alisema. "Nenda kwa Mama Nyirarukundo, umwambie wewe mwenyewe."

Achille alikwenda. Kahindo alimfuata, akabaki nje ya ukuta wa mbao. Alimsikia akisimulia bila simu: kizuizi kikafunguliwa, Célestin akasalimia, akapita, akafika, akavua viatu, akauliza kama maharagwe yameiva. Nyirarukundo akataka arudie, kuanzia kwenye viatu. Akarudia. Mara ya tatu sauti ilimkatika, na ikawa yule mama ndiye wa kumbembeleza yeye.

Achille alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu. Alimwambia Kahindo kwamba sasa ameelewa, na kwamba, akikubali, Jumapili angependa kuja kwao kumposa kwa baba yake.

"Miye niko na kasirani bado."

"Ninajua."

"Siku ya Yenga, hiyo Jumapili yako, ninapika maharagi. Ukichelewa, sitaandika kama ulifika."

Jumapili Achille alifika saa mbili asubuhi, akavua viatu mlangoni. Maharagwe yalikuwa bado kwenye ungo, Kahindo anayachambua. Hakutabasamu. Alimsogezea nusu ya maharagwe, naye achambue.