Vitufe Kwenye Beseni

Haya yalimpata shoga yangu, mke wa fundi kompyuta. Mumewe ni mpole, hufua hata nepi za mtoto. Siku moja alileta kibodi ya zamani, iliyokuwa ya karani wa kike aliyefariki.

"Tazama herufi zilivyofutika, mke wangu. Alikuwa na vidole vyepesi huyu!"

"Basi kamwoe!"

Fundi akacheka. Akang'oa vitufe vyote, akaviloweka kwenye beseni la maji ya sabuni, akaiacha kibodi mezani, akajifuta mikono, akaja kumbembeleza. Umeme ukakatika. Wakiwa wameshikana mikono gizani, wakasikia mezani: ta, ta, ta, kama mtu anayechapa kwa hasira.

Umeme uliporudi, beseni lilibaki na povu tu. Vitufe vyote vilikuwa vimerudi kwenye kibodi, vikichuruzika maji.

Mikono ya mumewe, aliyoishika muda wote, ilikuwa mikavu.