Ukuta wa Kangaga

Kila asubuhi kabla ya shule, Vaileth na Resiato walikutana kwenye njia ya chemchemi, kila mmoja na dumu lake. Kijiji chao kiko mlimani, juu ya Munisagara, na maji ya karibu yalikuwa hayo tu. Yalitoka chini ya ukingo wa udongo uliofunikwa na kangaga, majani yapendayo unyevu, ambayo machipukizi yake hujikunja kama mkia wa kinyonga.

Vaileth ni mtoto wa seremala. Resiato ni binti wa Saning'o, mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake bondeni chini ya kijiji. Walisoma darasa la sita na walikaa dawati moja.

"Umefanya hesabu?" Resiato aliuliza.

"Nusu."

"Mimi nimefanya nusu ile nyingine. Tukiunganisha tumepona."

Walicheka, wakajaza maji, Vaileth akapanda, Resiato akashuka.

Siku hizo baba yake Vaileth, fundi Yared, alikuwa na kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Mama mmoja aitwaye Lightness, mwenye kampuni ya kuongoza watalii Mikumi, alimpa ofisi yake mpya aipange ndani. Hakutaka kiyoyozi wala plastiki. Yared alipanua madirisha ya pande mbili ili upepo upite. Kuta alizipiga lipu ya udongo ili joto lisikae. Meza alizitengeneza kwa mbao za ghala la pamba lililobomolewa Kilosa, na vyumba akavigawa kwa mianzi iliyosukwa. Ulibaki ukuta wa mlangoni. Mama Lightness alitaka uwe wa majani hai, mgeni akiingia aone msitu.

Yared alipanda vichipukizi vya kangaga kwenye masanduku nyuma ya nyumba.

"Tumevitoa kidogo kidogo mferejini mwa shamba letu, ili vile vikubwa vibaki," alimwambia Vaileth. "Mwagilia asubuhi na jioni. Usiviache juani. Na usiongeze kutoka porini. Umenielewa?"

"Nimeelewa, baba."

Yared akarudi Mikumi. Vaileth alimwagilia siku za mwanzo. Kisha wenzake wakaanza mashindano ya rede uwanjani, naye ndiye aliyekuwa hodari wa kukwepa mpira. Jioni zikapita. Aliporudi kuvitazama vichipukizi vilikuwa vimekauka kama tumbaku, na gari la kuvichukua lilikuwa linakuja kesho yake.

Alichukua jembe akaenda chemchemi peke yake. Alichimba kangaga za ukingoni, zile kubwa, na mizizi yake na udongo wake, akazipanga kwenye masanduku. Ukingo ukabaki mwekundu na mtupu.

Baba yake alipofika na gari aliinama akayashika majani.

"Mbona yamenona hivi?"

"Nimeyamwagilia sana, baba."

Yared aliyatazama tena. Kisha akamwita dereva wapakie.

Mvua ya kwanza kubwa ilinyesha usiku. Asubuhi akina mama walirudi na ndoo tupu. Ukingo ulikuwa umeporomoka ukafukia jicho la chemchemi, na palipokuwa na maji palikuwa na tope tu. Tangu siku hiyo kila nyumba iliteka mtoni, chini kabisa, na wazee walionekana wakipanda kilima na dumu moja wakipumzika kila kona.

Mwenyekiti wa kijiji, mzee Mathias, alikuja akalitazama lile tope. "Hizi ni kwato," alisema.

Tope halikuwa na alama ya ukwato hata mmoja. Lakini kijijini kwao, kitu kikiharibika shambani au kwenye maji, watu hawaulizi sana. Hutazama bondeni kwa wafugaji.

Shuleni mvulana mmoja, Bryson, alimzuia Resiato mlangoni. "Wewe, ng'ombe zenu zimekunywa chai yetu. Leo mama kapika uji wa tope."

"Ng'ombe wetu wanakunywa mtoni," Resiato alijibu. "Hawapandi kule. Ni mteremko, wataanguka."

"Basi wamefundishwa kupanda."

Darasa likacheka. Vaileth alifungua begi lake akaanza kutafuta kalamu iliyokuwa mkononi.

Mkutano ulifanyika Jumapili baada ya ibada. Saning'o alisimama na fimbo yake akasema maneno machache, kwamba mifugo yake haikufika pale. Watu walimzomea. Hapo Resiato, ambaye hakuruhusiwa kusema, alisema.

"Muulizeni Vaileth. Mimi na yeye tunateka pale kila siku. Aseme kama aliwahi kuona ng'ombe."

Watu wote wakageuka. Vaileth alisimama. Angeweza kusema neno moja tu, hapana, na lingekuwa kweli. Lakini aliona jinsi swali la pili lingefuata: kama si ng'ombe, ni nani?

"Mimi sijui," alisema. "Sikuona vizuri."

Resiato alimtazama kidogo, kisha akatazama chini.

Mkutano uliamua Saning'o aondoe boma lake. Hakubishana. Waliondoka alfajiri, punda wamebeba vyombo na ngozi, mama yake Resiato mbele na mtoto mgongoni. Walipita bondeni, chini ya nyumba ya Vaileth. Alisikia kengele za ng'ombe zikienda mbali hadi zikaisha, naye hakutoka.

Darasani nafasi ya pili ya dawati ikabaki wazi. Hakuna aliyekuja kuikalia, na Vaileth hakumwomba mtu. Chakula kilimshinda. Mama yake alidhani ni malaria akampeleka zahanati, wakapima wasione kitu.

Jumamosi Yared alirudi. Vaileth alimwamkia, kisha akasema yote akiwa amesimama, bila kulia.

"Kwa hiyo ng'ombe wa Saning'o ni wewe," Yared alisema.

"Ndiyo, baba."

"Na mimi niliona yale majani si ya kwenye sanduku. Niliona. Kazi ilinikimbiza nikafumba macho." Alivua kofia. "Vaa viatu. Tunaanza kwa mwenyekiti."

Mzee Mathias aliwasikiliza akikuna kidevu. Alitaka jambo lisemwe taratibu, kwa faragha. Yared alikataa. "Walizomewa hadharani," alisema. "Tutasema hadharani." Jumapili hiyo Vaileth alirudia maneno yake mbele ya wote. Hakuna aliyezomea. Hilo lilikuwa zito zaidi.

Siku iliyofuata walikwenda Mikumi. Ofisi ilikuwa nzuri, Vaileth hakuwahi kuona nyumba iliyo baridi hivyo saa za mchana. Kangaga zilijaa ukutani, ila nyingi zilikuwa zimeanza kuwa kahawia.

"Fundi, uutoe ukuta huu?" Mama Lightness aliuliza. "Wageni wangu wanakuja wiki hii. Hapa ndipo wanapopiga picha."

"Watu wametoka jasho kwa ajili ya picha hiyo, mama. Kule yalikotoka majani haya, maji hayatoki tena."

Mama huyo aliutazama ukuta, akapumua. "Toa. Tutakaa na ukuta mtupu mpaka vichipukizi vyako vikue."

Kangaga zilizokuwa bado hai walizirudisha ukingoni. Wanaume wa kijiji walizibua jicho la chemchemi wakajenga kizuizi cha mawe, na Bryson naye alibeba mawe. Maji yalirudi, membamba. Kwenye masanduku Vaileth alianza upya na vichipukizi vya mferejini. Rede aliicheza akishamaliza kumwagilia.

Kisha Yared, mwenyekiti na Vaileth wakaenda kwa baiskeli hadi tambarare za Kilangali, wakauliza boma hadi boma. Saning'o aliwapokea, akawapa maziwa. Mzee Mathias aliomba radhi, akasema warudi, mahali pao papo.

"Nimewasamehe," Saning'o alisema. "Ila sirudi. Mlituona wabaya kabla ya kuuliza. Mvua nyingine ikiharibu kitu, nitahama tena. Mtoto nimeshampeleka shule ya huku."

Aliweka kiganja juu ya kichwa cha Vaileth, kama afanyavyo kwa watoto wake. Resiato alisimama mlangoni mwa nyumba.

"Nisamehe," Vaileth alisema.

"Nimesikia umesema mbele ya watu wote," Resiato alijibu. "Ni vizuri." Kisha akaenda kuwafungulia ndama.

Wakati wa kurudi Vaileth alikaa nyuma ya baiskeli ya baba yake. Walikuwa wameshaivuka reli Yared alipoongea.

"Kosa la kuacha mimea ikauke ni dogo. Ungeniambia ningekukaripia, tungechelewesha kazi, basi. Ulilifunika kwa uongo, na ule uongo ukahitaji mtu wa kuubeba. Akaubeba mwenzako. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kosa likiwa bado lako peke yako. Ukingo tumeujenga. Urafiki sijui kama kuna fundi wake."

Mlima ulikuwa umeanza. Vaileth alishuka, akaweka mikono nyuma ya baiskeli, akaisukuma.