Puti Juu ya Kutu

Kila siku akitoka shule, Chiriku alikuwa na ratiba yake ileile: kuvua sare, kunawa, kula kilichofunikwa mezani, kisha kuingia karakana ya mjomba wake na ufagio. Mjomba alikuwa fundi wa makochi. Karakana yake ilikuwa chumba kirefu kilichotazama uani, na sakafu yake haikuonekana kwa wingi wa vipande vya sponji, nyuzi, na vile vijisumari vidogo vinavyopenda sana nyayo za watu. Chiriku alifagia huku akiongea. Ndiyo maana aliitwa Chiriku. Bibi yake alisema kwamba hata usingizini mtoto huyu alimalizia sentensi alizoanza mchana.

Lakini siku moja aliingia uani na maneno yakamkauka. Makochi yalikuwa yamesukumwa ukutani, na katikati ya ua lilikuwa limekaa dude.

"Mjomba, hiki nini?"

"Hiki nini?" Mjomba aliruka kama aliyechomwa sindano. "Uliza huyu nani! Huyu ni malkia. Gari la kifahari kutoka Ulaya. Milango miwili tu, kwa sababu wenye nazo hawapendi kubeba majirani."

Chiriku alilizunguka. Malkia alikuwa amekalia matairi yasiyo na upepo. Vioo vilikuwa na ukungu wa kijani, na kwenye kiti cha nyuma kuku walikuwa wameacha kiota na yai moja. Kutu ililila gari lile kwa raha zake, na kutu nyingine zilikuwa zimepanga foleni zikisubiri zamu.

Bibi alitokea jikoni. Alikuwa muuguzi mstaafu, na bado alitazama kila kitu kama anayekagua wodi.

"Mwanangu," alimwambia Mjomba, "pikipiki yako iko wapi?"

"Mama, nimebadilishana na yule daktari mstaafu wa mtaa wa pili. Nimempa pikipiki na seti moja ya makochi mapya."

"Kwa hiyo ulikwenda ukiendesha, ukarudi ukisukuma."

"Mama, hujalijua gari hili! Nilipokuwa mdogo nililiona likipita, kimya kama paka. Hata vumbi lilipisha njia kwa heshima. Nikaapa kwamba siku moja nitaliendesha mimi."

"Ungeapa kusoma ungekuwa waziri," Bibi alisema, akaliokota lile yai, akarudi nalo jikoni.

Basi kazi ikaanza. Mjomba aling'oa viti, kapeti, taa na milango, mpaka malkia akabaki mifupa mitupu. Chiriku alipewa msasa na bisibisi. Msasa wa kusugulia kutu, bisibisi ya kugongea.

"Sikiliza," Mjomba alimfundisha. Aligonga mlango kwa mpini wa bisibisi. *Ngriii.* "Chuma kizima kinaimba." Akagonga sehemu nyingine karibu na gurudumu. *Bwu.* "Kilichooza kinakohoa. Ukisikia kikohozi, usipite. Unaniita, tunakata sehemu yote mbovu, na jirani yetu fundi Mama Cheche anachomelea chuma kipya. Nimejifunza kwa bibi yako. Alikuwa akigonga vifua vya wagonjwa hivihivi."

"Vya wagonjwa havikuwa na kuku ndani," Bibi alijibu kutoka dirishani.

Chiriku aliipenda kazi ile. Alikuwa na masikio makali, na kila kikohozi alikikamata. Wiki ziligeuka miezi. Mjomba alishona upya viti vya ngozi kwa mkono wake. Injini nayo ilifufuka, na kwa maneno ya Mjomba, siku iliponguruma mara ya kwanza mbwa wa mtaa mzima walihama na wawili hawajarudi mpaka leo.

Taabu ilianzia shuleni. Darasani kwao alikuwepo mvulana aliyeitwa Redio, kwa sababu habari ikiingia sikioni mwake hutokea mdomoni papo hapo, tena kwa sauti ya juu. Siku moja, mwalimu alipotangaza kwamba siku ya wazazi imekaribia, Redio aligeuka nyuma.

"Chiriku, nyinyi mtakuja na lile gari linalotaga mayai?"

Darasa likaangua kicheko. Chiriku akasimama.

"Cheka sana. Siku ya wazazi utaliona likisimama getini, rangi mpya, linang'aa mpaka ufumbe macho. Lisipokuja, niite mwongo mpaka tumalize shule."

"Wote mmesikia!" Redio alipiga makofi. "Mpaka tumalize shule!"

Chiriku alirudi nyumbani mbio. "Mjomba, tutawahi siku ya wazazi?"

Mjomba alikuna kidevu. "Imebaki boriti ya chini ya mlango wa kushoto. Ukiimaliza wewe, Jumamosi napiga rangi, na siku ya wazazi tunaingia shuleni kwa mbwembwe."

Jioni ile Chiriku alilala ubavu kwenye sakafu ya saruji ya ua na kuanza kugonga boriti, ule mhimili mnene wa chuma unaobeba ubavu mzima wa gari. *Ngriii. Ngriii.* Alisogea kuelekea gurudumu la nyuma. *Bwu.*

Akagonga tena, taratibu, kama anayebembeleza. *Bwu.* Akakandamiza kwa ncha ya bisibisi, na ncha ikazama ndani kama kijiko kwenye uji.

Alijua maana yake. Ilikuwa kukata, kumngoja Mama Cheche ambaye alikuwa na kazi za watu tele, kuchomelea na kusugua upya. Siku ya wazazi ingepita. Alimwona Redio akilini, mdomo wazi kama lango. Kisha akaliona kopo la puti juu ya meza.

Puti ni kitu kitamu kwa mvivu. Unaipaka, inakauka, unaisugua, na shimo linakuwa halijawahi kuwepo. Chiriku alijaza, akasugua, akapaka rangi ya chini ya kijivu, na mahali pale pakawa laini kama shavu la mtoto aliyetoka kuoga.

"Umegonga yote?" Mjomba aliuliza alipokuja kukagua.

"Nimegonga."

"Imesemaje?"

"Imeimba."

Mtoto aliyezoea kujibu swali moja kwa hotuba alikuwa amejibu kwa neno moja. Mjomba angeshtuka hapo, lakini naye kichwa chake kilikuwa kwenye makopo ya rangi. Usiku, Chiriku alikula vijiko vichache na kwenda kulala bila kubishana na mtu. Bibi alimshika paji la uso akaona halina joto, akaguna.

Jumamosi asubuhi Mjomba alikuwa anapiga mluzi. Kabla ya rangi, alisema, akaze kwanza bomba la moshi lililokuwa linalegea. Alileta jeki, akaisukuma chini ya boriti ya kushoto, karibu na gurudumu la nyuma, akaanza kupampu. Gari likainuka.

"Mjomba, huweki stendi?" Chiriku aliuliza. Kila mara walipoinua gari, Mjomba aliweka stendi mbili za chuma za kulibeba kabla hajaingia chini.

"Ziko kwa Mama Cheche. Kazi yenyewe ni ya kufumba na kufumbua. Nipe spana."

Alitandika boksi sakafuni, akalala chali, akajisukuma chini ya gari mpaka kifuani. Chiriku alibaki ameshika spana. Macho yake yalikwenda kwenye kichwa cha jeki. Kilikuwa kimeshika palepale alipopaka puti, juu ya shavu lake laini la kijivu. Na kwenye shavu lile, ufa mwembamba kama unywele ulikuwa unatembea.

Alifikiri kwa muda mfupi kuliko ninavyoueleza. Akisema, kila kitu kitajulikana. Asiposema...

"Mjomba, toka!"

"Kuna nini? Nyoka?"

"Toka! Boriti imeoza! Nimeipaka puti!" Alitupa spana, akamshika Mjomba miguu yote miwili, akavuta kwa nguvu ambazo hakujua anazo. Mjomba alichomoka kama kizibo cha chupa.

*Krrrak!* Jeki ilizama ndani ya boriti mpaka shingoni, na gari likalala ubavu kwa kishindo kilichomtoa Bibi jikoni na mwiko mkononi. Boksi alilokuwa amelalia Mjomba lilikuwa limebanwa chini ya chuma.

Mjomba, mtu wa maneno tangu kuzaliwa, alikaa sakafuni akilitazama boksi lile.

"Umeumia?" Bibi aliuliza, tayari amemshika mkono akipima mapigo ya moyo.

"Sijaumia, mama. Nimetetemeka tu."

Chiriku alilia na kueleza yote: Redio, kikohozi, kopo la puti, neno moja la uongo. Alipomaliza, Bibi alimgeukia Mjomba kwanza.

"Na wewe, mtu mzima, stendi ziko wapi?"

"Kwa Mama Cheche."

"Yaani roho yako uliiweka rehani kwa uvivu wa kwenda nyumba ya tatu." Kisha akamtazama mjukuu wake. "Nawe binti, futa machozi. Kulia hakuchomelei chuma. Nenda kamwite Mama Cheche, na umwambie mwenyewe ulichofanya."

Lile ndilo lililokuwa zito kuliko yote. Mama Cheche alikuwa mwanamke mwenye mabega mapana na miwani nyeusi iliyosukumwa utosini. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Puti juu ya kutu," alisema polepole. "Wakubwa kwako wamefanya hivyo, wakawauzia watu magari. Wewe angalau umepiga kelele. Beba stendi moja, mimi nabeba ya pili."

Siku ya wazazi ilifika na malkia akiwa hana boriti. Chiriku, Bibi na Mjomba walikwenda shuleni kwa miguu. Redio alikuwa anasubiri getini, na kundi zima nyuma yake.

"Gari liko wapi?"

Njiani Chiriku alikuwa ametunga visingizio vingi, vingine vizuri mno. Aliviacha vyote. "Halijaja. Boriti ilikuwa imeoza, nikaificha kwa puti ili tuwahi leo. Gari likaanguka, nusura limuue mjomba wangu. Haya, niite mwongo. Nilikuwa mwongo kweli."

Kundi lilimtazama Redio, likingoja matangazo. Redio alimsogelea Chiriku hatua moja.

"Lilianguka kweli? Puu! Hivyo?"

"Hivyo."

"Naweza kuja kuona?"

Alikuja, na nusu ya darasa nyuma yake. Mama Cheche aliwachorea mstari wa chaki na kuapa kwamba atakayeuvuka au kukodolea macho cheche atasafisha karakana yake mwezi mzima. Wakati boriti mpya ikingojea kupoa, Chiriku aligonga gari zima upya, mbele hadi nyuma. Alikamata vikohozi viwili ambavyo Mjomba mwenyewe alikuwa amevipita, na vyote viwili alivisema kwa sauti.

Hatimaye siku ya kutoka ikafika. Malkia alikuwa na rangi ya samawati iliyokolea, na viti vyake vilinukia ngozi mpya. Mtaa ulijaa watu. Bibi alikaa mbele amevaa gauni lake la kutokea na mkoba mapajani. Chiriku na Redio walijibana nyuma. Mjomba aliwasha injini, akapungia watu kama rais.

"Mjomba, ngoja," Chiriku alisema.

"Kuna nini tena?"

Chiriku aliegemea kiti cha mbele. Nje watu walikuwa wanapiga makofi. "Nilipokuwa nafuta matairi niliona tone nyuma ya gurudumu la mbele. Nilidhani ni maji. Lakini lilikuwa linateleza. Nadhani ni mafuta ya breki."

Redio aliguna kwa uchungu. "Chiriku! Si ungesema tukirudi?"

Mjomba alizima injini. Watu wakalalamika, wengine wakacheka: "Malkia amekataa! Arudishiwe kuku wake!" Mjomba hakuwajibu. Aliwaomba abiria wote washuke, akainua gari, akaweka stendi mbili, akazitikisa kuhakikisha zimeshika, ndipo akaingia chini. Nati ya bomba la breki ilikuwa haijakazwa sawasawa. Aliikaza, akaongeza mafuta, akakanyaga pedali tena na tena mpaka akaridhika.

Bibi alisimama kando na watoto, mkoba wake umening'inia mkononi.

"Redio," alisema, "unajua ni wagonjwa gani walionitoa jasho hospitalini?"

"Wenye vidonda vikubwa?"

"Hapana. Mwenye kidonda kikubwa akikuonyesha, unamtibu. Walionitoa jasho ni waliofunika kidonda kwa kitambaa safi, wakasema hawaumwi. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua." Aliweka mkono begani mwa Chiriku. "Mjukuu wangu alificha mara moja, na kifo kilifika mpaka uani kwetu. Leo amesema mapema, mbele ya watu, ingawa alitamani kuondoka kuliko nyinyi nyote. Kosa kila mtu hulifanya. Ukilisema leo, linakugharimu aibu kidogo. Ukilificha, linaendelea kula kimyakimya, na siku likitokeza utalilipa wewe au atalilipa umpendaye."

"Na mimi, mama?" Mjomba aliuliza akijifuta grisi. "Somo langu ni lipi?"

"Wewe? Nimeona umeweka stendi. Umefaulu. Washa gari, nimechoka kusimama."

Wakapanda tena. Mjomba alimtazama Chiriku kwenye kioo. "Kuna jingine?"

Chiriku alifikiri kweli, bila haraka, mpaka Redio akaanza kujipindapinda.

"Hakuna, Mjomba. Twende."

Wakaenda.