Ufa Usiogusika

Kila Jumamosi asubuhi Chiriku alifagia sebule huku kaka yake akiosha vyombo. Jina hilo alipewa na baba, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Siku hiyo alipovuta pazia kabla ya kufagia, akapiga ukelele, "Baba, dirisha!" Ufa mrefu ulishuka kwenye kioo cha dirisha, kutoka juu hadi katikati.

Baba aliacha cherehani akaja mbio, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni.

"Mpira tena!" baba alimfokea kaka, aliyetokea jikoni.

"Haki ya Mungu, baba, si mimi!"

"Basi kioo kimejipasua chenyewe?"

Machozi yalianza kumlengalenga kaka. Chiriku akashindwa kuvumilia. "Ni mimi," akaropoka. "Nimekigonga kwa mpini wa ufagio."

Baba aliguna. "Mama yako akirudi, utamweleza mwenyewe."

Mama alikuwa fundi wa vioo.

"Mbona umejisingizia?" kaka alimnong'oneza baadaye. "Ufagio haukufika dirishani."

"Labda ulifika," Chiriku alijibu, na kweli hakujua tena. Kadiri alivyofikiri, ndivyo alivyouona mpini ukigonga kioo. Hata mlio aliusikia. Lakini si aliuona ufa kabla hajafagia? Alipitisha kidole juu yake. Kioo kilikuwa laini, kama hakina kitu. Kichwa kikamzunguka. Ufa gani huu unaoonekana lakini haugusiki?

Mama aliporudi mchana, alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Uligonga wapi, mwanangu?"

Chiriku alionyesha juu, kisha chini kidogo, kisha akashusha mkono. "Sijui, mama. Nimechanganyikiwa."

"Dirisha hili lina vioo viwili. Huku ndani ni laini kwa sababu kilichopasuka ni cha nje. Ufagio wako ungewezaje kukiruka hiki cha ndani ukapasua cha nyuma yake?"

Chiriku akainamisha kichwa. "Sikukigonga. Nilitaka baba aache kumgombeza kaka."

"Mpira nao ungeacha alama pale ulipopiga," mama alimwambia baba. "Ufa huu umeanzia ukingoni."

Alivaa glavu nene, akawasogeza watoto mbali. Aling'oa taratibu vile vipande vyembamba vinavyobana kioo kwenye fremu, kisha yeye na baba wakatoa vioo vyote viwili kwa pamoja.

"Kilichopasuka si kimoja tu?" Chiriku aliuliza.

"Vimegandishwa pamoja, na hewa ya katikati imefungiwa. Hubadilishwa vyote."

Mama alichungulia ndani ya fremu, akacheka. "Baba watoto, fimbo ya pazia uliifunga kwa skurubu gani?"

Baba alisogea. Ncha ya skurubu ilikuwa imetokeza ndani ya fremu, mahali palepale ufa ulipoanzia. Ilikuwa imepita juu ya kioo cha ndani ikakibana cha nje, na jua lilipokipasha moto kikatanuka, kikakosa nafasi.

"Kumbe ni mimi!" Baba alijishika kiuno. Akamgeukia kaka. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuhukumu kabla ya kuangalia."

Mama alitengeneza vioo vipya karakanani kwake. Baba aliweka skurubu fupi, Chiriku akashika taulo la kufutia, na jioni moja dirisha likarudi mahali pake, safi kabisa.

Mama alivua glavu, akamkalisha Chiriku karibu naye.

"Najua ulimhurumia kaka yako. Lakini kama ningeamini habari ya ufagio, ningeweka kioo kipya juu ya skurubu ileile, nacho kingepasuka. Kujitwika kosa lisilo lako ni uongo pia, hata ukiwa na nia njema, kwa sababu kosa lenyewe linabaki bila kutengenezwa. Siku nyingine, sema unachokijua. Na usichokijua, sema hujui."

"Na baba je?" Chiriku aliuliza.

"Baba," mama alisema, "aangalie kwanza ndipo afoke."

"Nimesikia, fundi," baba alijibu kutoka kwenye cherehani.