Wufa Iliyonuka Kafuri

Magharibi ilikaribia, na Bishar bado alikuwa sokoni Garissa akichagua wufa, spika ya besi. Boksi la plaiwudi alilolitengeneza kwa mikono yake lilikuwa tayari nyumbani, na arusi ya shemeji yake ilikuwa Ijumaa. Bishar alikuwa fundi wa kujifundisha mwenyewe, na kwa ubishi, wallahi, humwezi. Kila wufa aliibonyeza karatasi ya mbele asikie kama koili ya ndani inakwaruza. Zote zilikwaruza.

Isipokuwa moja, kwenye turubai la mama aliyejifunika hadi machoni. Bishar aligusisha nyaya zake kwenye betri ya tochi. Karatasi nyeusi iliruka, ikarudi, kama kawaida. Akaondoa betri.

Karatasi ikainuka tena. Taratibu... ikashuka.

Ilinuka kafuri, ile ya kuoshea maiti.

Upepo tu, alijiambia. Hapakuwa na upepo.

"Walaal, ndugu yangu," mama alinong'ona, "hiyo usifungie kabisa. Wacha tundu."

"Edo, besi nzuri inataka boksi isiyovuja," Bishar alimjibu, akimwita shangazi kwa heshima ya mdomoni tu. Akalipa, akaenda zake.

Mkewe, Sadia, alikuwa akimimina chai. "Inanuka nini hiyo?"

Bishar aliipachika wufa kwenye boksi, akakaza skrubu, akaziba kila ufa kwa silikoni. Kisha akabandika sikio kwenye boksi. Ndani mtu alikuwa akivuta hewa... kwa shida.

Kikombe kikaanguka.

Sadia alikuwa sakafuni, mkono kooni, macho yamemtoka. "Bishar... hewa..."

Bishar alifungua madirisha, akampepea, akamsomea Ayatul Kursi. Midomo ya Sadia ikazidi kuwa rangi ya majivu. Ndipo alipokumbuka tundu. Akanyakua nyundo, akalipiga boksi mpaka likatoboka. Hewa ikaingia kwa mlio mrefu...

Sadia akakohoa.

"Wacha kulia," alimwambia mumewe. "Niko sawa." Akaomba maji, akayanywa yote.

Asubuhi Bishar alirudi sokoni. Wauza mitumba wa pale walimshangaa: mahali hapo hajawahi kukaa muuza spika.

Hiyo ilikuwa miezi mitatu iliyopita. Sadia anapika, anaswali, anagombana na majirani juu ya maji. Ila Bishar akimwekea kiganja kifuani akiwa amelala, kifua kimetulia tuli. Hakipandi. Hakishuki. Kinachopanda na kushuka ni ile karatasi nyeusi pembeni ya chumba, na mpaka leo hajathubutu kumwambia.

Jana aliona ukingo wa karatasi hiyo umeanza kuchanika.

Kuubandika anajua, wufa ngapi amezibandika! Gundi iko mkononi. Lakini gundi haishiki mpaka karatasi itulie, itulie kabisa, hadi ikauke.