Majitaka Yanataka Nini?

Masikio mmekuja nayo? Haya, yafungueni!

Alikuwepo Tumpe. Alikaa mji mdogo. Mdogo hasa! Ukipiga chafya sokoni, watu wa stendi wanakwambia, "Pole!"

Kwao kulikuwa na choo kipya cha kuvuta. Tumpe akavuta.
Fwaaa! Gulu-gulu-gulu! Hayoo, yamekwenda!

"Mama, maji yale yanakwenda wapi?"
"Kwenye bomba, mwanangu. Yale ni majitaka."

Majitaka! Tumpe akafikiri mpaka nywele zikasimama. Maji... taka. Kumbe maji yanataka kitu!
Yanataka nini?

Labda yana njaa. Akayapa ganda la ndizi.
Fwaaa! Gulu-gulu-gulu! Hayoo, yamekwenda!

Labda yanasikia baridi. Akayapa soksi. Soksi nyekundu, ya Baba.
Fwaaa! Gulu... gu... g...
Kimya.
Blop! Maji yakapanda juu.

"Mamaa! Maji yanataka kutoka!"

Akaja Shangazi Sekela, fundi wa mabomba ya mji. Mabuti yake ya mpira yalikuwa makubwa! Bata angeweza kulala ndani, akajigeuza.

Akafunua chemba, lile shimo la bomba huko uani.
"Mh! Pameziba. Yakifurika haya, yatateremka mpaka mtoni."

Mtoni! Kule anaogelea Maringo, bata wa Tumpe. Maringo anywe maji ya chooni?

Tumpe akamshika Shangazi mkono.
"Shangazi, ni mimi. Niliyapa soksi."
"Uliwapa akina nani?"
"Maji. Mama kasema yanataka."

Shangazi Sekela akacheka. Akacheka mpaka kuku wa jirani wakataga.
"Taka ni uchafu, wewe! Majitaka ni maji machafu! Haya, shika waya huu tuvute."

Vuta! Vutaaa!
Plop! Soksi ikatoka. Ilikuwa imevutika, ingemtosha twiga.
Gulu-gulu-gulu! Hayoo, yamekwenda!

"Lakini Shangazi, maji machafu hayataki kitu?"
Shangazi akafunika chemba.
"Nawa mikono, twende ukaone."

Wakafika kwenye mabwawa ya mji, bomba linakoishia. Bwawa la kwanza lilikuwa jeusi. Puh! Inzi mwenyewe aliziba pua.
"Haya yanataka nini?"
"Yanataka kupumzika. Uchafu uzame chini."

Bwawa la pili lilikuwa la kijani.
"Na haya?"
"Yanataka jua."

Mbele kulikuwa na matete marefu. Shwa-shwa-shwa.
"Na haya?"
"Yanataka kuchujwa. Matete yanayachuja polepole."

Mwisho kabisa, maji meupe. Ti-ti-ti, yakatiririka.
"Haya najua!" Tumpe akaruka. "Yanataka kwenda mtoni!"
Na mtoni alikuwepo nani? Maringo! Kwe-kwe-kwe! Mkia juu, kichwa majini.

Jioni Tumpe akaoga. Akaenda chooni. Akavuta. Hakuyapa maji kitu kingine, hata uzi.
Fwaaa! Gulu-gulu-gulu! Hayoo, yamekwenda!

Mama akamfunika blanketi.
"Na Tumpe wangu, anataka nini?"
"Anataka... kupumzika," akasema Tumpe, macho yakifumba.

"Na mimi nataka soksi yangu!" Baba akaita kutoka sebuleni.
"Imefuliwa, iko kambani," akasema Mama. "Ila nguo nyingine zote zimesogea mbali."

Tumpe hakusikia. Alishalala. Fyuuu... fyuuu...

Unabisha? Kamuulize Maringo.